Sifa za Kushutumu na Mahali pa Kuziweka

Mtu atakaye kusema kwa Kiswahili kuwa jambo fulani halikuelekea, liwe ni neno lililotamkwa mahali pasipo pake, au kitendo kilichovunja adabu za watu, au mwenendo wa siku nyingi uliowachosha jirani na jamaa, hakosi maneno. Lugha hii ina hazina ya sifa za kushutumu kubwa kuliko anavyodhani yule aliyejifunza moja tu, nayo ni "mbaya", akaitumia kwa mtoto aliyemwaga maji, kwa karani aliyekula fedha za umma na kwa mvua iliyonyesha siku ya arusi. Taksiri iliyozagaa katika maandishi ya siku hizi haitokani na uchache wa maneno, bali na kupuuza mambo mawili: uzito wa neno lenyewe, na mahali linapowekwa ndani ya sentensi. Mwongozo huu unakusudia yote mawili, ila zaidi hilo la pili, kwa kuwa sifa ile ile ikiambatishwa na mtu ni hukumu ya maisha, ikiambatishwa na tendo ni lawama ya siku moja, na ikigeuzwa kuwa kielezi haizidi kuwa karipio.

Tuanze na hiyo hiyo -baya, maadamu ndiyo iliyo karibu na ulimi. Asili yake ni ya Kibantu, hivyo hubadilika kwa kufuata ngeli ya jina linaloitangulia: mtu mbaya, watu wabaya, mwenendo mbaya, mienendo mibaya, jambo baya, maneno mabaya, kitendo kibaya, tabia mbaya. Hapo hapana ugumu, isipokuwa kwa majina ya viumbe yaliyovaa umbo la ngeli nyingine, kama vile kijana, kiongozi, askari na rafiki. Kijana hawi "kibaya", huwa mbaya; viongozi hawawi "vipotovu", huwa wapotovu; uhai hulishinda umbo la neno. Msemaji huweza kuiacha kanuni hii kwa dharau, pale anaposema "kijitu kiovu" au "jitu baya lile", na hapo sarufi yenyewe imekwisha kuwa tusi hata kabla sifa haijatamkwa.

Upana wa -baya ndio udhaifu wake. Barabara huwa mbaya, bahati huwa mbaya, sura huwa mbaya, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomkosea mtu adabu. Tena neno hili likisimama peke yake na kufuatiwa na kimilikishi, kama katika "mbaya wangu" au "wabaya wetu", maana yake huhama kabisa ikawa hasimu, na mbaya wangu yamkini ni mtu mcha Mungu na mwenye tabia ya kupigiwa mfano, ila hanitakii heri. Angalia pia majibu. Mwanafunzi aliyeulizwa mji mkuu wa Uganda akajibu Entebbe ametoa jawabu lisilo sahihi. Mwenziwe aliyesema, "Ramani iko ukutani, tazama mwenyewe," ametoa jawabu baya, hata kama ukutani kweli pana ramani. Kosa la elimu na kosa la adabu hayavai sifa moja, na mwandishi anayeyavisha nguo moja humlazimisha msomaji kubahatisha. Huko Kenya, licha ya hayo, usemi wa "kufanya tabia mbaya" umekwisha kuchukua maana ya mambo ya faragha, hata mwalimu akimwandikia mzazi kuwa binti yake amefanya tabia mbaya darasani, naye kumbe alikuwa akitafuna karanga, asishangae kesho yake akiletewa ofisini baba, mama, shangazi na mjomba.

Ndugu yake -baya ni -ovu, na wawili hawa hawapimwi kwa kipimo kimoja, wala -ovu si sawa na -bovu. Embe huwa bovu na yai huwa bovu, ila nia huwa ovu, mtu huwa mwovu na matendo huwa maovu. Anayesema "tabia mbovu" amesema kwa lugha ya barazani, nayo baraza ina haki yake. Lakini katika maandishi ya makini, -bovu imeachiwa vitu vilivyooza au kuharibika na -ovu ikapewa kazi ya kuhukumu dhamira. Kwa sababu hiyo haifai kutumiwa pasipo dhamira. Mgeni aliyeingia uani bila ya kubisha hodi hakutenda kitendo kiovu, ametenda kisichofaa, na anayemwita mwovu amejitia yeye mwenyewe katika kosa kubwa kuliko la mgeni. Kuna na -potovu, iliyotoka katika kupotoka, yaani kuiacha njia iliyonyooka, nayo huelekea zaidi fikra, mafundisho na malezi kuliko kitendo kimoja kimoja. Usiichanganye na -potevu, kwa kuwa mwana mpotevu wa Injili alitapanya mali kisha akarudi kwa baba yake, hali mpotovu aghalabu hajui hata kwamba ameiacha njia.

Kwa yale mambo ya kila siku ambayo si maovu ila hayakukaa mahali pake, Kiswahili hukitwaa kitenzi "kufaa", kikakikanusha na kukirejesha kwa jina, ndipo tukapata "isiyofaa" na jamaa zake wote. Hapa kalamu nyingi hujikwaa, kwa hiyo tutapatazama kwa karibu. Husemwa mtu asiyefaa na watu wasiofaa, mzaha usiofaa na mizaha isiyofaa, neno lisilofaa na maneno yasiyofaa, kitendo kisichofaa na vitendo visivyofaa, tabia isiyofaa na, zikiwa nyingi, tabia zisizofaa. Mahali huwa pasipofaa, na kucheka, kama kulitokea msibani, huwa kucheka kusikofaa. Yote huandikwa neno moja. Anayeandika "isio faa" amekosea mara mbili, kwanza kwa kulikata neno, na pili kwa kuidondosha y, ambayo katika isiyofaa na yasiyofaa ni sehemu ya mwili wa neno, si pambo. Kinyume chake, wasiofaa na usiofaa hazina y, na kuitia humo ni kujitungia sarufi.

Zingatia sasa jambo ambalo vitabu vya sarufi hulipita upesi. Hiyo -si- iliyo katikati ya "yasiyofaa" haina wakati. Maneno yasiyofaa hayafai jana, leo wala kesho, kwa huyu wala kwa yule; ni hukumu isiyo na tarehe. Ukitaka kuipa tarehe, huna budi kurudi kwenye "amba-": maneno ambayo hayakufaa siku ile, mzaha ambao haukufaa kutoka kwake. Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Kwa mila za makabila mengi ya Tanzania, mtani wa marehemu huruhusiwa kufanya vituko msibani, akamwigiza maiti, akawacheka wafiwa, akadai fedha kabla jeneza halijapita, na hakuna atakayemkunjia uso, kwa kuwa utani ni haki yake na ni faraja kwa waliofiwa. Vituko vile vile vikifanywa na mtu asiye mtani ni fedheha. Mwandishi wa habari aliyefika kutoka mbali, akaona vituko hivyo na kuandika kuwa msibani palikuwa na "mizaha isiyofaa", amehukumu mila nzima kwa kiambishi kimoja. Angeliandika kuwa palikuwa na mtu mmoja ambaye mzaha wake haukufaa, kwa kuwa hakuwa mtani, angelikuwa amesema kweli yote na kumlaumu aliyestahiki peke yake.

Na tazama yanayotokea sifa hiyo hiyo inapohamishwa kutoka kwa tendo kwenda kwa mtendaji. Mzaha usiofaa ni mzaha uliopotea njia. Mtu asiyefaa ni mtu wa kutupwa, asiye na kazi duniani. Neno halikubadilika, kilichobadilika ni kiti lilichokalia.

Zipo sifa zilizotujia kutoka Kiarabu, nazo hazivai viambishi: fidhuli, safihi, jeuri, laghai, fasiki, hasidi. Husemwa mtu fidhuli na watu fidhuli, jawabu fidhuli na maneno fidhuli, na aliyezoea kupachika viambishi kila mahali ajizuie. Zikisimama peke yake kama majina ya watu, hupokea ma- katika wingi, wakawa mafidhuli wale au malaghai wa mjini, na hata hapo vitenzi na viashiria hufuata uhai, ndiyo maana tukasema "mafidhuli wale wamekuja" wala si "mafidhuli yale yamekuja". Utasikia pia "vijana majeuri" na "viongozi mafisadi", ambamo majina mawili yamewekwa bega kwa bega. Sioni sababu ya kuyakemea, kwani ni mazungumzo ya watu wanaoijua lugha yao. Likiwa ni tendo unalotaka kulieleza, njia laini zaidi ni kupitia ki-: jawabu la kifidhuli, mwendo wa kihuni, maneno ya kipuuzi.

Sifa hizi zinakaribiana, na anayezipanga ovyo hupoteza faida yake. Fidhuli ana kiburi cha maneno, hajali cheo wala umri wa anayemjibu, ila si lazima atukane. Yawezekana maneno yake yote ni safi na jeraha likawa katika namna alivyoyatoa. Safihi ni yule ambaye kinywa chake hakina staha, atakayetoa uchafu hata pasipo hasira. Jeuri hutegemea nguvu, za mwili au za cheo, na ndiyo maana husemwa "huna jeuri hiyo" kwa maana ya huna ubavu wa kulitenda unalolitishia, usemi ambao ukimwambia fidhuli hauna maana yoyote. Karani wa dirishani anayemwacha bibi kizee amesimama saa mbili hali yeye anapiga soga ana jeuri. Akimwambia, "Kama umechoka, nenda nyumbani," amefanya ufidhuli. Akiongeza neno la kumdhalilisha mwili wake, amekwisha kuingia katika usafihi. Mwandishi wa barua ya malalamiko atakayelichagua neno moja kati ya haya matatu kwa haki atasadikiwa kuliko yule atakayeyamwaga yote matatu.

Shaaban Robert katika Adili na Nduguze aliwaita ndugu wawili wa Adili kwa majina ya Hasidi na Mwivu, majina yanayokaribiana mno kwa maana, moja la asili ya Kiarabu lililokaa bila ya kiambishi, la pili lenye asili ya Kibantu lililovaa m- yake, hata msomaji anapata katika jozi moja mfano wa aina zote mbili za sifa tulizozitaja. Mtunzi wa hadithi ana ruhusa hiyo. Mtu wake ameumbwa ili aibebe sifa, na husuda yake ndiyo kazi yake tangu ukurasa wa kwanza. Mtu wa kweli hakuumbwa hivyo; asubuhi aliona wivu, adhuhuri akamkopesha jirani yake fedha, na sifa moja haimtoshi.

Kwa watoto, lugha imeweka maneno mepesi ya namna yake, na ni dhuluma kuyaruka ukakimbilia yale ya watu wazima. Mtundu hakukusudia shari, mikono yake tu haitulii. Naye akikua na utundu ukamkaa katika kazi, fundi mtundu huwa ni sifa ya kweli, ya mtu anayevumbua. Mtukutu hakai mahali pamoja. Mchokozi huanza yeye. Mkaidi amesikia, ameelewa, kisha amekataa, na kwa hiyo ukaidi ni mzito kuliko utundu. Mkorofi huharibu starehe ya wengine kwa makusudi, na neno hili humfuata mtu hata uzeeni. Na kuna mjuvi, neno ambalo vijana wa leo hulidhania kuwa ni mjuzi lililokosewa chapa, hali ni kinyume chake: mjuzi ana elimu, mjuvi ana mdomo, ndiye yule mtoto anayejitia katika mazungumzo ya wakubwa na kuwasahihisha tarehe za arusi zao.

Sasa tuzitie sifa hizi katika kazi. Tuseme mwalimu mkuu anataka kumwandikia mzazi, na rasimu yake ya kwanza inasema: "Mtoto wako ni fidhuli, ni mtovu wa adabu, ana tabia mbaya, na ukaidi wake umetuchosha." Shutuma nne zimo, na tukio hata moja hamna. Mzazi atakayeisoma barua hii hana la kufanya ila kumtetea mwanawe, kwa sababu hakuambiwa mwanawe amefanya nini, ameambiwa mwanawe ni nani, na hilo anaamini analijua zaidi kuliko mwalimu. Rasimu ya pili isomeke hivi: "Siku ya Jumanne, mwanao alipotakiwa kukusanya madaftari, alimjibu mwalimu wake kwa maneno yasiyofaa mbele ya wenziwe, na alipoonywa aliyakariri. Jambo hili halikutupendeza, nasi tutafurahi ukipata nafasi ya kuonana nasi." Sifa imebaki moja, nayo imekalia maneno, haikumkalia mtoto, siku imetajwa, tukio limejulikana, na neno "aliyakariri" limeifanya kazi ya "mkaidi" pasipo kumwita mtu mkaidi. Mzazi sasa ana swali la kuuliza, "Maneno gani hayo?", na mtu mwenye swali huja shuleni akiwa ametulia kuliko aliye na utetezi.

Ingaliwezekana pia kuandika "alimjibu mwalimu wake vibaya", na kielezi hiki ndicho chepesi kupita njia zote, kwa kuwa hakimgusi mtu wala jina lolote, kimekigusa kitenzi tu. Huandikwa "vibaya", si "mbaya". Usemi wa "amefanya mbaya" unaosikika bara haujakubaliwa katika maandishi. Jihadhari tu kwamba vibaya hukuza pia, kama katika "ameumia vibaya", ambapo hakuna aliyelaumiwa, na kwamba katika "kuona vibaya" maana yake ni kuingiwa na haya, ndipo pwani mtu aliyekauka uso akaambiwa kuwa hana haya wala hajui vibaya. Pasipotosha vibaya, pana "isivyo": alimtendea isivyostahili, alimwita isivyopasa. Kadhalika angalia "ni" ndogo inavyoigeuza sentensi. "Tabia yake mbaya imewachosha majirani" huichukulia tabia hiyo kuwa imekwisha kuthibitika, hata msomaji hapewi nafasi ya kuipinga. "Tabia yake ni mbaya" ni dai, na dai hungoja ushahidi. Wakili hodari anaijua hila hii, na msomaji naye aijue.

Kuhusu -shenzi, rai yangu ni kuiacha. Katika miji ya pwani ya zamani neno hili lilikuwa jina la watu wa bara, waliohesabiwa kuwa si waungwana, na biashara ya watumwa ililiweka katika vinywa vya watu waliokuwa na faida ya kulisema. Leo hutupiwa yeyote aliyetema mate barazani, na wengi hulitamka pasipo kukumbuka lilikotoka. Ila kumbukumbu ya neno haifi kwa kusahauliwa na msemaji mmoja. Ukitaka kusema kuwa kitendo hakikuwa cha heshima, "kisicho cha adabu" kinatosha.

Watu waliolelewa chuoni, nakusudia chuo cha Kurani, wana mizani nyingine ambayo mwandishi wa Kiswahili hafai kuikosa. Wanazuoni wa fiqhi waliyapanga matendo daraja tano, kuanzia la faradhi, kisha la sunna, la mubaha, la makuruhi, mpaka la haramu, na mbili za mwisho zina faida kwetu. Haramu ni zito; anayelitumia kwa suruali ya kubana au kwa mtu aliyechelewa mkutanoni amelitoa neno thamani yake. Makuruhi ni lile ambalo kuliacha ni bora na kulitenda si dhambi, kama kuingia msikitini na harufu ya kitunguu saumu kibichi kinywani, na laiti neno hili lingelitumika zaidi katika magazeti yetu, ambayo hayajui lolote lililo baina ya kosa la jinai na jambo la kawaida. Batili nayo iwe ya mikataba, ndoa na hati. Mwenendo wa mtu hauwi batili.

Limebaki suala la wakubwa. Mzee akikosea, sifa zote hizi huwekwa kando, si kwa kuogopa kweli, bali kwa kuwa Kiswahili kina njia ya kuisema kweli pasipo sifa. Hatusemi kuwa mzee amesema maneno mabaya. Tunasema ulimi wake umeteleza. Anayezungumza naye ana kwa ana huanza na "kunradhi, mzee wangu", kisha akakanusha badala ya kushutumu: si vyema, haielekei, haipendezi, tungeliona bora isemwe vingine. Katibu wa chama ambaye mwenyekiti wake alimtolea mjumbe maneno makali mkutanoni hahitaji kuandika katika muhtasari kuwa kauli ya mwenyekiti ilikuwa ya kifidhuli au isiyofaa. Ataandika kuwa wajumbe waliomba kauli ile ifutwe, na kwamba mwenyekiti aliifuta, na kila atakayeusoma muhtasari huo ataelewa ilikuwa kauli ya namna gani.